Mvua Yenye Povu

Alfajiri ile mshona mapazia alitoka nyumbani akiwa bado na nusu ya usingizi machoni, na mtaa nao ulikuwa hivyo hivyo, nusu umeamka, nusu umelala. Ukungu ulikuwa umetanda juu ya barabara ya udongo kama shuka ambalo hakuna aliyepata nafasi ya kulikunja. Taa za nguzo za umeme zilikuwa bado zinawaka. Alisimama chini ya nguzo ya kwanza, akavuta pumzi, akajitazama miguuni, akaona haya. Raba zake zilikuwa nzuri kuliko mbio zake.

Utaratibu wake ulikuwa mwepesi, hata mtoto wa chekechea angeuelewa: nguzo moja kukimbia, nguzo moja kutembea. Na huko kukimbia kulikuwa kwa jina tu. Mbuzi aliyefungwa kando ya njia alimtazama akipita, akarudi kutafuna majani yake, akainua kichwa tena akamkuta bado anapita. Baba yake ndiye aliyempa jina la Kobe tangu utotoni, maana alikuwa mtoto wa kufunga kamba za viatu huku wenzake wameshafika shuleni, na jina likamganda. Mtaa mzima ulimwita hivyo, hata wateja waliomletea vitambaa. Yeye hakukasirika. "Kobe ana nyumba yake mgongoni," alikuwa akiwajibu. "Nyie mna nini?"

Hii haikuwa mara yake ya kwanza kuanza. Kiangazi kilichopita alianza kwa vishindo. Alinunua raba, akawatangazia watu kwamba atakimbia mpaka kiuno kirudi mahali pake, akakimbia siku chache, kichomi kikamshika ubavuni, ikaja kazi ya mapazia ya ukumbi wa harusi, na ukawa mwisho wa habari. Raba zikaingia chini ya kitanda. Mama wa duka, jirani waliyeshiriki naye ukuta mmoja, alisema lile alilokuwa amelihifadhi tangu siku ya kwanza: "Mbio za sakafuni huishia ukingoni." Watu kama hao huwa hawakosei, na ndiyo maana wanaudhi.

Kilichozitoa raba chini ya kitanda ni baba yake.

Mzee alikuwa fundi viatu, na mkono wake ulishika sindano na gundi maisha yake yote. Mwishoni mwa mvua zilizopita kiharusi kilimpiga, kikamchukua mguu wa kushoto, nguvu za mkono wa upande huo, na nusu ya tabasamu. Tabasamu lilirudi. Mguu ulikataa. Mwanamke wa hospitali aliyekuja kumfanyisha mazoezi, ambaye mtaa ulimwita Dada wa Viungo, aliwaambia wazi wote wawili, bila kuzungushazunguka, kwamba mguu ukikaa bure unasahau kazi yake, na ukishasahau kabisa hakuna wa kuukumbusha. Kila asubuhi Mzee asimame, aende na fimbo yake kutoka kitini hadi mlangoni, arudi. Mvua zijazo zikiisha kabla mguu haujakubali kumbeba, basi atafutiwe kiti cha magurudumu, na akae humo mpaka mwisho.

"Baba, simama japo kidogo," binti alimwambia asubuhi moja.

"Nitasimama kesho."

"Na jana ulisema kesho."

"Na wewe ulisema utakimbia," Mzee akajibu, bila kumtazama. "Raba zako ziko wapi? Ziko chini ya kitanda zinalea buibui."

Mtu akikuchoma kwa ukweli wako mwenyewe, utamwambia nini?

"Nikikimbia, utasimama?"

"Siku utakayokimbia, nitasimama. Siku usipokimbia tuheshimiane, kila mtu akae kama alivyo."

Basi raba zilitolewa, buibui wakahamishwa. Soli ya mguu mmoja ilikuwa imeanza kufumuka kwa mbele, na Mzee aliitia gundi kwa mkono wake wa kulia, akamwambia binti aibane kwa magoti mpaka ikauke. Wakakaa hivyo jioni nzima, yeye kitini na binti chini na raba katikati ya magoti, wamezungukwa na mapazia ya watu. Maana chumba kile cha mbele ndicho kilichokuwa karakana. Vitambaa vilining'inia kila upande vikisubiri pindo, na upepo ukipita dirishani vilijaa, vikapungua, vikajaa tena. Mgeni aliyeingia mara ya kwanza alihisi kwamba nyumba inapumua.

Asubuhi za mwanzo zilikuwa tamu, acha ziitwe hivyo. Binti alikwenda kwa nguzo zake, na katika ile hali ya kutoamka vizuri aliona mambo ambayo mchana hayaonekani. Nguzo zilionekana kumjia zenyewe. Sauti ya miguu yake ilimfikia kwa kuchelewa, kana kwamba kuna mtu mwingine nyuma yake, mwepesi kuliko yeye, asiye na haraka ya kumpita. Alikwenda mpaka karibu na mwisho wa barabara, penye duka la nyuzi, lakini hakulifikia. Nguzo moja kabla ya duka aligeuka, kila siku, akarudi. Hakumweleza mtu kwa nini, na hakuna aliyeuliza.

Akikaribia nyumbani alimwona baba yake dirishani, nyuma ya pazia jepesi, akiinua mkono. Mzee naye baadaye alisema kwamba kupitia pazia lile alimwona bintiye kama anavyomwona ndotoni, mdogo, na sare ya shule, kamba za viatu zimefunguka.

Halafu ilikuja chai. Chai ya siku hizo ilikuwa chai ya ndoto. Mzee alikuwa akiota anakimbia, kila usiku, na asubuhi alisimulia kama mtu anayesimulia safari.

"Jana nilikupita pale kwa mbuzi," angesema. "Nikakungoja kwenye nguzo. Nikangoja, nikangoja. Nikalala hapo hapo kwenye nguzo nikaota ndoto nyingine."

"Kwa nini hukurudi kunichukua?"

"Nirudi nyuma kwa ajili ya kobe? Nitafika lini?"

Na wakati binti yuko njiani, Mzee alitembea kweli. Binti alikuwa amemwomba mama wa duka atege sikio ukutani, kusudi akisikia kishindo akimbilie, na mama wa duka, ambaye kusikiliza ukutani hakukuwa kazi ngeni kwake, alitoa ripoti kila asubuhi: "Leo ametembea vizuri. Nimesikia fimbo, ko, ko, ko, mpaka mlangoni."

Kisha mvua zikafika.

Mvua ndiyo kisingizio bora kuliko vyote duniani, maana hakuna anayekibishia. Sema umechelewa kwa usingizi, watu watakunja uso. Sema mvua, watakusogezea kiti. Siku ya kwanza binti alijikaza akatoka. Maji yalimpiga usoni, barabara ikawa utelezi, na alipofika nguzo ya pili miguu ilikataa kuendelea. Haikuwa baridi. Kulikuwa na kitu kingine katika sauti ile ya maji juu ya mabati ya watu, kitu kilichomgeuza. Akarudi nyumbani anatetemeka. Alimkuta Mzee kitini, paji la uso linang'aa jasho, anahema. Akadhani amejitahidi kuliko siku zote, akamsifu. Mzee akatazama sakafu.

Asubuhi iliyofuata mvua ilikuwa kubwa zaidi. Binti alivaa, akafunga kamba, akasema, "Baba, natoka," akafungua mlango, akaufunga nyuma yake. Kisha badala ya kwenda barabarani miguu yake ilimpeleka ubavuni mwa nyumba, kwenye kichochoro kilichotokea uani. Uani kulikuwa na kipaa kidogo cha kufulia. Akajibanza hapo. Alijiambia atangoja mvua ipungue. Nayo mvua, kama inavyojulikana, haina habari na mtu anayeingoja.

Hapo ndipo alipokumbuka raba. Kichwa na nguo vilishalowa kwa maji ya paa, lakini raba zilikuwa kavu kiasi, na baba yake ni fundi viatu. Chini ya kipaa kulikuwa na beseni la maji aliyolowekea mashuka jana yake. Bado palikuwa na giza giza. Akavua raba, akazizamisha humo moja baada ya nyingine, akazivaa tena zikilia chwa, chwa. Harufu ya sabuni hakuisikia kabisa. Alikuwa mtu wa kufua vitambaa kila siku kabla ya kuvikata, na pua yake ilishaacha kuihesabu sabuni kuwa ni harufu.

Na akiwa hapo, anajiona mjanja, alisikia: ko, ko, ko.

Alisogea kwenye dirisha la nyuma, ambalo lilionyesha ndani mpaka chumba cha mbele. Kati ya mapazia mawili palikuwa na mwanya, na katika mwanya ule alimwona baba yake. Mzee alikuwa amekaa kitini, ameegemea vizuri, miguu yote miwili imetulia, na mkono wake wa kulia ulikuwa unaigonga fimbo sakafuni. Ko, ko, ko. Akapumzika kidogo, muda wa mtu kugeuka mlangoni. Kisha ko, ko, ko, safari ya kurudi. Alimaliza kwa kukohoa, kwa ajili ya jirani.

Hasira zilimpanda binti mpaka utosini. Alifungua mdomo amkemee, kisha akakumbuka amesimama wapi, na raba zake zina nini. Mwizi hapigi kelele za mwizi. Akaufunga mdomo wake, akapita kichochoroni, akaingia kwa mlango wa mbele.

"Pole na mvua, mwanangu."

"Nishapoa, Baba. Umetembea?"

"Mpaka mlangoni na kurudi. Muulize jirani."

Nyumba ile ilikuwa na desturi yake: kiatu kilicholowa hakianikwi hovyo, kinapitia kwanza mikononi mwa fundi, kijazwe gazeti, kiwekwe mbali na jiko kisikakamae. Binti akampa raba. Fundi viatu hunusa kiatu kabla hajakigusa kwa sindano, kama mpishi anavyoonja mchuzi, na Mzee aliipeleka raba puani kwa mazoea tu, hata bila nia. Akabaki nayo pale puani kwa muda. Akaigeuza akatazama soli. Akachana gazeti, akalikunjakunja, akaanza kujaza taratibu.

"Mvua kubwa leo," alisema.

"Kubwa," binti akajibu.

Ndivyo ilivyoanza, na ikaendelea. Kila asubuhi ya mvua mmoja alikwenda uani na mwingine aligonga sakafu. Binti alijua. Mzee alijua. Kila mmoja alidhani ni yeye peke yake anayejua, na heshima ikazidi humo ndani mpaka ikawa inachosha. "Ahsante, Baba." "Karibu, mwanangu." "Umechoka, Baba?" "Kidogo, wewe je?" Hawakutaniana tena. Na ndoto zilikatika. Mzee hakusimulia tena anavyokimbia, na binti hakuuliza, kwa sababu huwezi kuongea habari za mbio na mtu ambaye mbio zake umezinusa. Walikunywa chai wakiitazama mvua. Mapazia yalining'inia mazito kwa unyevu, hayakupumua.

Njia ya mwongo ni fupi, walisema wahenga, na hii ya kwao ilikuwa fupi kweli, kutoka mlango wa mbele mpaka uani.

Dada wa Viungo alikuja siku ambayo hawakumtarajia, na koti la mvua linalomfika visiginoni. Alipiga magoti mbele ya Mzee, akaushika mguu, akaukunja, akaunyoosha, akabonyeza hapa na pale. Uso wake ukabadilika.

"Mzee wangu, mguu huu umelala," alisema. "Umerudi nyuma kuliko nilivyouacha. Mnafanya nilichowaambia?"

Wakapepesa macho. Halafu wote wawili walisema kwa pamoja.

"Baba anatembea kila siku," binti alisema. "Namsikia. Hata jirani anamsikia."

"Huyu mtoto anakimbia kila siku," Mzee alisema. "Kwenye mvua hivi hivi. Mimi ndiye ninayezikausha raba zake."

Dada wa Viungo aliwatazama mmoja mmoja. Alikuwa mwanamke wa kazi, hakuwa na muda wa mafumbo. "Nikirudi wiki ijayo nikiukuta hivi," alisema huku anafunga koti, "nitakuja na kipimo cha kiti." Akatoka, na mvua ikammeza kabla hajafika barabarani.

Nyumba ikabaki na watu wawili waliodanganya kila mmoja kwa ajili ya mwenzake. Binti alikaa kwenye cherehani lakini hakukanyaga. Alikuwa anajiuliza kwa nini baba yake amtetee kwa sauti kubwa vile, na jambo lenyewe halikuwa na ulazima. Mzee alikuwa anajiuliza hivyo hivyo. Walipoinua macho walikutana.

"Mwanangu," Mzee akaanza, polepole, "mvua ya siku hizi mbona ina povu?"

Binti akasikia uso wake unawaka moto. Akatazama chini, akatazama juu.

"Na fimbo yako, Baba, siku hizi mbona inatembea peke yake?"

Mzee alishtuka. Kisha lile tabasamu lake lililorudi likarudi tena, likapanuka, likawa kicheko. Binti naye akashindwa kujizuia. Walicheka mpaka mama wa duka akagonga ukuta kuuliza kuna nini, na hilo likawazidishia.

"Watu hujikaza kisabuni," Mzee alisema akifuta macho, "lakini wewe mwenzangu umejikaza na beseni zima."

"Na kikohozi, Baba! Kile kikohozi cha mwisho!"

"Kilikuwa kizuri?"

"Nilikaribia kukuletea maji."

Kicheko kilipokwisha, kilichobaki kilikuwa kigumu. Mzee alikuwa anatazama fimbo yake.

"Nilianguka," alisema. "Siku ile ya mvua ya kwanza. Nilifika katikati ya chumba, mguu ukakataa, nikaenda chini. Jirani akaita, nikamwambia kikombe kimeanguka. Nikainuka kwa kushika hiyo cherehani yako. Tangu hapo nikitaka kusimama, sakafu naiona inanisubiri. Naogopa, mwanangu. Nimezeeka na naogopa sakafu ya nyumba yangu."

Binti aliinuka akaenda kukaa chini, pale pale alipokaa siku ya gundi, mgongo wake umeegemea kiti cha baba yake. Hivyo hawakutazamana, na ilikuwa rahisi zaidi.

"Mimi siogopi baridi," alisema. "Wala sichoki. Ni ile sauti. Siku ulipoanguka, siku ya kiharusi, nilikuwa nimekwenda duka la nyuzi. Nilishamaliza kununua. Mvua ikaanza, nikajibanza pale barazani kwao nikasema ngoja ipungue. Nikapiga soga, Baba. Nikacheka na watu. Wewe ulikuwa umelala hapa chini muda wote ule, na mimi nangoja mvua. Daktari alisema ungewahishwa mguu ungepona." Akakunjakunja ncha ya kitambaa. "Sijawahi kulifikia lile duka tena kwa mbio zangu. Nageuka kabla. Na ikinyesha siwezi hata kutoka."

Mvua ilikuwa inapiga bati. Mzee aliweka mkono wake wa kulia juu ya kichwa cha bintiye, mkono mzito uliozoea ngozi, akauacha hapo.

"Nilikuwa naisikia," alisema. "Mvua ile. Nimelala pale, siwezi kuita, siwezi kugeuka, lakini bati nalisikia. Unajua nilikuwa nasema nini moyoni? Nilikuwa nasema, Mungu wangu, mtoto huyu yuko nje, apate pa kujibanza."

Binti akaegemeza kichwa gotini mwa baba yake.

"Kwa hiyo ulipokuwa unajibanza," Mzee akaendelea, "mimi nilikuwa naomba jambo langu, nalo linajibiwa. Ndilo jambo pekee lililokwenda sawa siku ile. Usinifanye nilijutie."

Alilia basi, Kobe wa watu, alilia kwa sauti, na safari hii mama wa duka hakugonga ukuta.

Kesho yake mchana alifanya kitu ambacho mshona mapazia peke yake angekifikiria. Kazi yake haikuwa kushona tu. Alikuwa pia akifunga vyuma vya kuning'inizia mapazia kwenye kuta za watu. Akachukua chuma kirefu kuliko vyote alivyokuwa navyo, kile cha mapazia mazito, akakifunga ukutani, usawa wa kiuno cha Mzee, kutoka kitini mpaka mlangoni. Akaning'inia kwenye chuma hicho kwa uzito wake wote kukijaribu. Kilimbeba.

"Niwepo ukisimama," alisema. "Kesho nisiende. Nikushike."

"Hapana. Ukiwepo nitakuegemea wewe. Mimi nataka niuegemee mguu."

"Na ukianguka?"

"Nitapiga kelele za kweli. Jirani ana sikio." Akafikiri kidogo. "Na wewe usigeuke njiani. Maji umeyavulia nguo, yaoge."

Usiku Mzee aliota. Asubuhi alimwambia haraka haraka, binti akiwa amesimama mlangoni: "Nimeota nakimbia lakini sikukupita. Nilikuwa nyuma yako kidogo." Nje mvua ilikuwa inamwagika. Binti akatoka.

Ulimwengu wote ulikuwa maji. Nguzo zilisimama ndani ya mvua zimefifia, na mwanga wa taa zake ulikuwa umetandazwa barabarani, ukitikisika, akaukanyaga. Nguzo ya kukimbia, nguzo ya kutembea. Mbuzi hakuwepo, amefichwa mahali. Kwenye nguzo ya pili miguu ilitaka kukataa kama siku ile, na mabati ya watu yakapiga kelele zile zile. Apate pa kujibanza. Aliyasikia maneno yale kwa sauti ya baba yake, akaona ajabu kwamba sauti ile ya mvua aliyoikimbia siku zote ilikuwa na dua ndani yake. Akanyanyua mguu. Akanyanyua na wa pili. Maji yalimwingia machoni, yakamtoka, na mengine hayakuwa ya mvua, lakini nani angejua. Ile miguu ya nyuma yake aliisikia tena, inachelewa kidogo, haina haraka ya kumpita.

Baraza la duka la nyuzi lilikuwa limejaa watu wanaokwenda kazini, wamebanana, wameshika viatu mikononi. Walipomwona waliita wote.

"Kobe! Njoo ujibanze, mama!"

"Hivi huyu mzima kweli?"

Aliwainulia mkono. Alifika kwenye nguzo iliyotazamana na duka, ile ambayo mbio zake hazikuwahi kuifikia, akaigusa kwa kiganja. Ilikuwa baridi, imelowa, nguzo kama nguzo nyingine. Akageuka.

Alipokaribia nyumbani, mahali ambapo dirisha lao huanza kuonekana, alifuta macho akatazama. Pazia jepesi lilikuwepo. Kiti kilikuwepo. Ndani ya kiti hakukuwa na mtu.

Nguzo ile ilikuwa ya kutembea. Alisahau. Alisahau na iliyofuata. Kichomi kilimshika, akakiacha kimshike. Tope lilimrukia mpaka mgongoni, na kama yule mbuzi angekuwepo, siku hiyo asingepata nafasi ya kumtazama mara mbili.

Mlango ulikuwa wazi, mvua inaingia ndani. Na kizingitini, mkono wa kushoto, ule dhaifu, umeegemea fremu, mkono wa kulia umeshika mwisho wa chuma cha mapazia, baba yake alikuwa amesimama. Mguu ulikuwa unatetemeka kama mguu wa ndama, lakini ulikuwa chini yake. Shati lilikuwa limemgandama kwa maji. Fimbo haikuonekana popote.

"Nimeona unachelewa," Mzee alisema. "Nikasema nije nikupokee."

Binti alinyoosha mikono amshike, akalikumbuka neno la jana, akairudisha.

"Vua kiatu," Mzee akamwambia. "Lete."

Alivua raba moja akisimama kwa mguu mmoja hapo mvuani, na kwa kuwa Mzee hakuweza kuachia chuma, alimwinulia mpaka puani. Mzee alifumba macho, akanusa kwa makini, kama anavyonusa kiatu cha mteja.

"Tope," alisema. Midomo yake ilikuwa inatetemeka kuliko mguu. "Tope tupu, mwanangu."

Kisha akaomba asogezewe kiti, maana mguu ulikuwa umechoka, na safari hii ulikuwa na haki ya kuchoka.